Pembe, mbegu na lubugo: mwongozo kamili wa kutengeneza vito na mapambo ya asili nchini Uganda

Shika bangili ya pembe ya ng'ombe wa Ankole kwa dakika moja hivi. Haina ule ubaridi wa chuma kiganjani. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona mistari ya rangi ya maziwa, kahawia na nyeusi ikipishana, na bangili ya pili iliyokatwa kwenye pembe hiyohiyo haitafanana nayo. Ndiyo sababu watu husimama kwenye vibanda vya sanaa vya Barabara ya Buganda jijini Kampala, wakachukua kitu, wakakirudisha, kisha wakakichukua tena.

Wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza zaidi kuhusu mitindo: nichonge umbo gani, nipake rangi gani. Kwangu mimi mtindo ndio sehemu nyepesi. Kazi ya asili huharibika mapema zaidi, siku ile mali ghafi inapoingia nyumbani ikiwa bado na maji ndani. Mkufu wa kwanza niliouza ulikuwa wa mbegu. Wiki tatu baadaye mama aliyeununua aliurudisha ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Mbegu mbili zilikuwa na matundu mapya na unga mweupe: fukusi walikuwa wamejitoboleza njia na kutoka. Nilimrudishia pesa zake, na tangu siku hiyo naheshimu kukausha kuliko kuchonga. Utaona neno hilo likijirudia humu.

Vya kuanzia

Huhitaji karakana. Tafuta msumeno mwembamba wa chuma, tupa mbili (bapa na ya mviringo), keekee ndogo ya mkono yenye vijiti vya milimita 1 na 1.5, koleo mbili zenye ncha, jiliwa ndogo ya kubana kazi mezani, mkasi mkali, shazia (sindano kubwa), na sindano za kawaida. Ongeza msasa wa namba 120, 240, 400, 800 na 1200. Neno hili lenyewe lina historia nzuri: msasa ni mti wenye majani makwaruzo ambayo mafundi walisugulia mbao na pembe kabla ya karatasi ya dukani kufika, na mti huo unaota Uganda pia. Nunua vilevile nta ya nyuki, gundi nyeupe ya mbao, uzi wa nailoni, uzi wa pamba uliopakwa nta, na barakoa nzuri. Barakoa usiiahirishe.

Kuchagua mali ghafi

Anza na vile ambavyo hutagusa. Pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, kucha na meno ya wanyama wa porini, hata ukiambiwa viliokotwa tu, viache. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ni kali sana. Oktoba 2022 mahakama moja ya Kampala ilimhukumu kifungo cha maisha mtu aliyekutwa na vipande vya pembe za ndovu. Zaidi ya sheria, ng'ombe wa Ankole tayari wanatupa pembe kubwa na nzuri baada ya nyama kuliwa. Hatuna shida ya kumwinda mnyama yeyote.

Hata hizo za ng'ombe zina sharti lake. Nunua pembe za ng'ombe waliochinjwa kwenye machinjio yanayokaguliwa na daktari wa mifugo, kamwe usichukue za ng'ombe aliyekutwa amekufa malishoni. Kimeta, ugonjwa hatari wa mifugo unaoambukiza na watu, kimelipuka Uganda zaidi ya mara moja, ikiwemo wilaya ya Kyotera mwaka 2023, na vijidudu vyake hukaa kwenye ngozi, manyoya na pembe kwa muda mrefu. Kama muuzaji hawezi kukuambia mzigo wake umetoka machinjio gani, ondoka.

Kwenye mbegu kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, za mturituri, zinavutia kupita kiasi na zina sumu inayoweza kuua. Ikiwa nzima, ganda lake gumu huizuia sumu; ukiitoboa na keekee, unga wake unakuingia puani na mkononi, na shimo ulilotoboa linabaki wazi shingoni mwa mteja, ambaye huenda ana mtoto anayetafuna kila kitu. Mbegu za mbarika ni hivyohivyo. Nyekundu za mti ambao Waganda huuita jjirikiti nazo zina sumu. Mimi sizitumii kabisa, na ninakuomba nawe usizitumie.

Chagua badala yake mbegu nyeusi za mviringo za maua ya kana yanayopandwa kwenye nyua nyingi. Ni ngumu kama changarawe. Kokwa ya parachichi inafaa kuchongwa. Vipande vya kibuyu kikavu hutoa vidani vyepesi. Na kuna kauri, au simbi, ambazo zilipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwa misafara ya biashara, zikatumika Buganda kama fedha. Hadi leo Mganda akisema *ensimbi* anamaanisha pesa. Mteja wa pwani akisikia habari hiyo hutabasamu, kwa kuwa analitambua neno lake.

Mbegu: kazi ya subira

Chuma mbegu zilizokomaa juu ya mmea, maganda yakiwa yamekauka na kuanza kupasuka. Zilizookotwa chini mara nyingi zimeshaingiwa na wadudu. Zioshe, kisha zitie kwenye ndoo ya maji: zinazoelea zina utupu ndani, zitupe.

Zitandaze kwenye ungo kivulini, mahali penye upepo, kwa wiki mbili hadi nne. Jua kali la mchana hukausha ganda haraka kuliko kiini, na ganda hupasuka. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika, ongeza wiki moja au mbili. Jinsi ya kujua: chukua mbegu kumi na uzitikise kiganjani. Zilizokauka hulia kama kokoto. Mbichi zina mlio uliozibwa.

Hatua inayofuata ndiyo niliyoiruka kwenye ule mkufu wa kwanza. Tia mbegu kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, uweke kwenye friza kwa siku saba, utoe kwa siku mbili, kisha urudishe siku saba nyingine. Mzunguko wa kwanza unaua mabuu. Wa pili unawapata waliokuwa bado mayai. Kama huna friza, zitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano, halafu uanze upya kuzikausha. Rangi ya mbegu nyingine hufifia kidogo kwa kuchemshwa, kwa hiyo jaribu chache kwanza.

Kutoboa mbegu ya kana kunataka ujanja. Iloweke kwenye maji ya moto kwa nusu saa ili ganda lilegee, ibane kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao laini vyenye vishimo, kisha tumia keekee yenye kijiti cha milimita 1. Toboa hadi katikati, igeuze, umalizie upande wa pili. Ukitoboa moja kwa moja, sehemu ya kutokea humeguka. Usisukume kwa nguvu. Kijiti chembamba huvunjika na kipande kinabaki ndani. Baada ya kutoboa, zikaushe tena siku tatu.

Kokwa ya parachichi ina mpangilio tofauti: huchongwa ikiwa mbichi. Imenye ile ngozi nyembamba, chonga kwa kisu kidogo ndani ya siku mbili tatu, toboa tundu, halafu iache ikauke pole kivulini. Nyama yake nyeupe hugeuka kahawia iliyoiva, karibu na wekundu wa udongo, na hukaza mfano wa mbao. Itapungua ukubwa, hivyo chonga mistari mipana kuliko unavyotaka ionekane mwishoni. Baadhi zitapasuka. Katika kumi nategemea kupoteza mbili au tatu, na nyufa nyingine ni nzuri kiasi kwamba nazijaza nta na kuziuza hivyohivyo.

Pembe: kutoka machinjioni hadi mkononi

Pembe ina tabaka mbili, gamba la nje tunalolitaka na mfupa wa ndani. Chemsha pembe nje ya nyumba (harufu yake haisahauliki) kwa muda wa saa moja, kisha ishike kwa kitambaa kinene na uvute mfupa utoke. Ukigoma, rudisha kwenye sufuria. Wengine hupendelea kununua magamba yaliyosafishwa tayari, na kwa anayeanza hilo ni jambo la busara.

Liache gamba kivulini wiki kadhaa. Pembe mbichi ikikatwa leo, bangili ya duara itakuwa yai mwezi ujao.

Soma pembe kabla ya kuikata. Sehemu ya chini, iliyo wazi ndani, inatoa bangili. Ncha, ambayo haina uwazi, inatoa shanga, vifungo na vidani vizito. Kuta za katikati zinaweza kulainishwa zikawa bapa kwa ajili ya hereni. Chora kwa penseli ukifuata mapito ya rangi. Kidani ambacho mpaka wa mweupe na mweusi unakatiza katikati yake hakihitaji nakshi nyingine.

Kwa bangili, pima upana wa ndani kati ya sentimita 6 na 7, kutegemea mkono wa mvaaji, na ukate pete ya unene wa sentimita 1 au zaidi. Kwa vipande bapa, kata pete, ipasue upande mmoja, na uitumbukize kwenye maji yanayochemka hadi ianze kutii koleo. Itoe, ifungue taratibu, na uibane kati ya mbao mbili nene kwa jiliwa. Iache hapo hadi kesho yake. Ukiifungua ikiwa vuguvugu inakumbuka umbo lake la zamani na kujikunja. Mafundi wengine hutumia mafuta ya moto badala ya maji. Yanalainisha haraka zaidi, lakini yanaunguza mkono na yanaweza kuichoma pembe. Usianze nayo.

Vumbi la pembe si la kuvuta. Vaa barakoa wakati wa kukata na kutumia tupa, na ukifika kwenye msasa, lowanisha kipande na msasa wenyewe kwa maji ili vumbi ligeuke tope. Anza na namba 120 kuondoa alama za tupa, kisha 240, 400, 800, umalizie 1200. Usipande namba kabla alama za namba iliyopita hazijaisha. Ili kuziona, kausha kipande na ukitazame kwa mwanga wa ubavuni, dirishani asubuhi. Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo bei inapotengenezwa. Mwishoni paka nta ya nyuki kidogo na usugue kwa kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kipate moto. Mng'ao unaotoka hivyo ni wa pembe yenyewe. Vanishi ingebanduka baada ya miezi michache.

Lubugo

Hakuna mali ghafi ninayoipenda kuliko hii. Lubugo ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Fundi huvua gome la ndani, hulipasha moto lilainike, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifuo, chini ya banda ili jua lisilikaushe kabla ya wakati, hadi linyumbuke na kutanuka. Baadaye hutandazwa juani na kupata ile rangi ya udongo mwekundu. Shina lililovuliwa hufungwa majani ya migomba, gome likaota tena, na mti huohuo ukavuliwa tena miaka inayofuata. Kazi hii kwa desturi ni ya ukoo wa Ngonge. UNESCO iliitambua mwaka 2005, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008.

Kumbuka pia kwamba lubugo Buganda ni vazi la heshima na kitambaa cha maziko. Ninaulizia wazee kabla ya kuutumia kwa jambo jipya, na sijawahi kujutia kuuliza. Hereni na fremu za picha hakuna aliyenikataza.

Kwa hereni, kata vipande vitatu vyenye ukubwa wa kiganja. Paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, vipange nyuzi za kila kimoja zikikatiza za mwenzake, kisha uvifunike kwa karatasi ya plastiki na uviwekee vitabu vizito juu kwa siku nzima. Utapata ubao mwembamba mgumu unaokatika kwa mkasi. Kata umbo, toboa tundu kwa sindano nene, na upake nta iliyoyeyushwa kwenye kingo zote. Kingo zisizopakwa nta hufumuka nyuzi ndani ya wiki chache za kuvaliwa.

Kama kitambaa chenyewe kina tundu lililoshonwa kutoka kwa fundi, usilifiche. Kila lubugo una viraka vyake, na mshono wa uzi mweusi juu ya wekundu ule unapendeza. Kwa kivuli cha taa tumia taa za LED tu, maana gome kavu hushika moto upesi.

Sahani ya ukutani

Hii inafaa kwa mtu anayetaka kuanza bila kutoboa wala kukata. Unahitaji vijiti vya katikati ya majani ya migomba, ambavyo kwa Kiganda ni *obukeedo*, na makuti laini ya mkindu, *ensansa*. Nyuzi za mwale, ambazo sokoni wengi huziita rafia, pia zinafaa.

Pasua ensansa katika utepe wa milimita 4 au 5, uloweke dakika kumi. Shika vijiti vitano sita pamoja, vifunge kwa utepe kuanzia ncha, ukivikunja viwe kitovu kidogo kama konokono. Endelea kuzungusha: kila baada ya mizunguko mitatu ya utepe kwenye fungu, pitisha shazia kwenye safu ya chini na ukaze. Kijiti kikikaribia kuisha, chomeka kingine katikati ya fungu, kimoja kimoja, ili unene usibadilike. Ukikaza sana sahani itajikunja kuwa bakuli, ukilegeza itayumba. Ilaze mezani kila baada ya safu mbili na uitazame. Sahani ya sentimita 30 itakuchukua jioni kadhaa. Kina mama wa Kinubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, wana ustadi mkubwa wa rangi katika ufumaji wa namna hii. Ukipata nafasi ya kukaa karibu na mmoja wao, nyamaza na utazame vidole vyake.

Rangi unaweza kuzipata jikoni. Kwa gramu 100 za ensansa kavu, yeyusha gramu 15 za shabu kwenye maji ya moto, loweka usiku kucha. Kesho yake chemsha maganda ya vitunguu kwa saa moja, chuja, tia ensansa na uichemshe polepole saa moja nyingine: utapata dhahabu hadi kahawia. Kokwa za parachichi hutoa waridi la udongo. Bizari ya manjano ni ya haraka na inang'aa, lakini jua huifuta. Itumie kwa vitu vya ndani tu. Kausha kivulini.

Kuunganisha

Panga shanga zote kwenye kitambaa kabla ya kuzitunga. Kizito kikae katikati kifuani, vyepesi vielekee mabegani. Pembe ikigongana na pembe hulia na kukwaruzana, kwa hiyo tenganisha kila mbili kwa mbegu au kipande cha lubugo. Tumia nailoni kwa mkufu mzito na uzi wa pamba kwa mwepesi. Funga fundo mara mbili, litie tone la gundi, na ulifiche ndani ya shanga iliyo karibu. Ukimaliza, shika mkufu pande mbili na uuvute kwa nguvu halisi. Afadhali ukatike mikononi mwako.

Kwa hereni chagua kulabu zisizo na nikeli. Zile za bei ya chini kabisa huwasha masikio ya watu wengi, na mteja atailaumu pembe yako.

Bei

Tuseme mali ghafi na vifungo vya mkufu mmoja vimekugharimu shilingi 6,000, na mikono yako imefanya saa 3. Ukijilipa shilingi 3,000 kwa saa, hiyo ni 9,000, jumla 15,000. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vilivyopasuka na nauli ya sokoni: 16,500. Chini ya hapo unamlipa mteja avae kazi yako. Ukiuza kupitia kibanda cha mtu mwingine, mpe bei hiyo na umwache aongeze yake, ila mkubaliane ataongeza kiasi gani ili kazi isikae rafuni mwaka mzima. Pesa nyingi hupotelea kwenye saa ambazo hatuzihesabu, hasa za msasa. Ziandike kwenye daftari.

Mteja anayesafiri mwambie ukweli. Australia, kwa mfano, hukagua mbegu na mbao kwa ukali mpakani na inaweza kuzichukua. Mgeni wa namna hiyo muuzie pembe iliyosafishwa vizuri, na hata hiyo aionyeshe kwa maofisa.

Kila ninachouza nakiambatanisha na kikaratasi kidogo kilichofungwa kwa uzi wa ukindu. Kinataja ng'ombe au mti uliotoa mali ghafi, kisha utunzaji: lubugo usiguse maji; mbegu zivuliwe kabla ya kuoga na zikilowa zianikwe kivulini; pembe isiachwe kwenye gari juani, na kila baada ya miezi michache ipakwe tone la mafuta ya nazi na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Kwenye kona ya chini naandika tarehe niliyoanza kuikausha.